Panya wa Mambrui, Buabua wa Sabaki

Siku ya kwanza, Alhamisi

Kibanda changu cha saa nimekifunga. Wateja nimewaambia naenda Mambrui kwa mjomba, wao wakaelewa kuwa mjomba ni mgonjwa, nami sikuwasahihisha. Mjomba ni mzima kama kigogo cha mkoko. Mimi nafuata ndege.

Huu ni wakati wa tanga mbili: Kusi imechoka, Kaskazi bado haijashika, na chombo chaweza kwenda huku au huku. Ndipo mlango wa mto Sabaki unapojaa ndege wa baharini walioteremka kutoka pande za Bahari ya Shamu na Ghuba, huko walikozaa. Miaka mingine huja siku moja nikarudi jioni. Safari hii nimejipa siku sita.

Mkobani nina darubini ambayo jicho lake moja limeshikwa kwa gundi, daftari jipya, kikoi, mashati mawili, na kile kioo cha kubana jichoni ambacho fundi saa hakiachi nyumbani hata akienda harusini.

Mombasa hadi Malindi hapakuwa na la kusimulia, ila korosho za Kilifi zimepanda bei. Kutoka Malindi nilipanda matatu ya Mambrui, na pale kwenye daraja la Sabaki nikafungua dirisha. Vuli imeanza bara. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa Ukambani. Maana ni mto mmoja, juu waitwa Athi, katikati Galana, na ukikaribia bahari ndio Sabaki. Udongo huo ndio ulioipa Malindi ufuo wake mpana, na ndio unaoleta ndege, kwa kuwa mlangoni umejenga mafungu ya mchanga na matope ambayo maji yakipwa hubaki wazi kama uwanja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Waja kuniona mimi au waja kuona nyuni?"

"Vyote viwili, mjomba."

"Nyuni," akasema, akimgeukia mkewe. "Si nilikwambia?"

Usiku tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimelazwa chumba kinachopakana na jiko. Juu ya mafiga kuna dari ya kuhifadhia mahindi, ile ambayo majirani Wagiriama huiita lutsaga. Moshi hupanda ukafukuza dumuzi. Panya moshi haumsumbui. Nimezima taa saa nne, na tangu hapo juu yangu kuna mtu anayesukuma punje moja ya mhindi kutoka ukuta hadi ukuta.

Siku ya pili, Ijumaa

Daftari limeliwa. Si lote, ni pembe ya juu tu, imekatwa mviringo kama kwa kikombe. Nilibana kioo jichoni nikatazama ukingo: mifereji midogo imekwenda miwili miwili, sambamba, safi kuliko ninavyokata mimi mkanda wa saa. Karatasi iliyotafunwa haikuliwa. Ilikuwa imemwagwa sakafuni kama chicha.

Mjomba hakuona ajabu. "Njoo nikuonyeshe lililo kubwa," akasema, tukaenda shamba.

Alipanda mahindi wiki iliyopita, mistari minane ya kwanza, kwa kamba, kama anavyopanda siku zote. Sasa katika kila shimo la mbegu pana shimo jingine, dogo, limechimbwa kwa ustadi kutoka upande, na mbegu haimo. Shimo la kwanza, la pili, la tatu. Mwizi ameshika mstari akaufuata mpaka mwisho, kisha akageuka akarudi na wa pili. Mjomba ameshapanda mara mbili.

"Huyu ni mwerevu kuliko afisa wa kilimo," akasema. "Afisa alikosea mstari."

Huyu ni panya shamba, wala si yule panya mkubwa mweusi wa paa za makuti. Ni wa kijivu-kahawia, mkia karibu sawa na mwili, na kutoka Senegali hadi Afrika Kusini hakuna mkulima asiyemjua. Pale Morogoro, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekuwa wakimfuatilia kwa miongo kadhaa, na walichokiona ni kwamba baraka yetu ndiyo baraka yake: vuli ikinyesha vizuri na mapema, nyasi zikatoa mbegu, panya huanza kuzaa kabla ya wakati wake, na msimu unaofuata huweza kufurika, wakapita hata 1,000 kwa hekta moja. Nilipomwambia mjomba hivyo alitazama wingu lililokuwa linapanda upande wa bara, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona akiitazama mvua kwa shaka.

Tulirudi kwa sala ya Ijumaa. Baadaye nilinunua dukani mtego wa waya, nikauwekea kipande cha nazi kilichochomwa. Mlango wa Sabaki utasubiri kesho. Nimekuja kwa ajili ya ndege na siku ya pili yote imekwenda na panya.

Siku ya tatu, Jumamosi

Amenaswa. Nitaandika hili kwa urefu kwa sababu limenichanganya.

Alikuwa jike, amekufa papo hapo. Nilivaa mfuko wa nailoni mkononi, nikamlaza juu ya bamba la bati kuukuu uani, nikabana kioo. Kwanza meno. Mawili juu, mawili chini, ya chini marefu kuliko nilivyotarajia, na rangi yake si nyeupe. Ni ya chungwa. Ganda la mbele lina chuma ndani yake, ndiyo maana ya rangi hiyo, na ni gumu; upande wa nyuma ni laini. Akiguguna, laini hulika haraka, gumu hubaki limesimama, kwa hiyo ni patasi inayojinoa yenyewe. Nayo haiishi kukua. Panya asipoguguna meno yake hukua mpaka yakamfunga kinywa. Nyuma ya patasi hizo pana pengo tupu kabla ya magego, na midomo huweza kuingia ndani ya pengo hilo na kufunga, ili takataka ya anachokikata isimwingie kooni. Hapo nikaelewa ile chicha ya daftari langu.

Kisha tumbo. Nilitenga manyoya kwa kibanio changu cha kazi nikahesabu chuchu. Kumi upande huu. Kumi upande huu. Nikarudia, nikidhani nimehesabu moja mara mbili. Ni 20. Panya wa nyumbani ana 10. Huyu wa shamba huweza kufikia 24, safu mbili kutoka kifuani hadi kinenani bila kukatika. Na hawekewi chuchu mtu asiyekuwa na wa kunyonya: huzaa kumi, kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, na wamewahi kuonekana waliopita ishirini.

Halafu nikafanya kosa. Mkazamjomba huuza viungo, na ana mizani ya dijitali ya kupimia iliki. Ilikuwa mezani. Yeye alikuwa kisimani. Nilimweka panya ndani ya mfuko juu ya mizani, ikasoma gramu 47.

"Na huo mfuko una nini?"

Sitaandika yote aliyoyasema. Kwa ufupi, mizani imesuguliwa kwa ndimu na majivu, mimi nikasuguliwa kwa maneno, na nimeahidi kununua mizani nyingine Malindi. Alikuwa na haki. Mkojo wa panya una maradhi yake, na iliki ya watu si mahali pake. Mjomba alicheka mpaka akakohoa, na hilo halikunisaidia.

Lakini ile 47 haikunitoka kichwani. Ninaijua namba iliyo jirani yake. Buabua mdogo wa Saunders, yule ndege wa baharini ninayemfuata mlango wa Sabaki kila mwaka, ana gramu 40 hadi 45. Wanaovisha ndege pete miguuni huwapima kabla ya kuwaachia. Uzito mmoja, basi. Ukimweka panya huyu upande mmoja wa mizani ya zamani ya vitanga viwili, na buabua yule upande wa pili, ungeongeza iliki kidogo tu upande wa ndege, vikalingana.

Viumbe viwili, vyote vina mifupa na damu ya moto, babu yao wa mwisho waliyeshirikiana aliishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Uzito huo mmoja wamekwenda kuununulia vitu gani?

Jioni nilitoroka nikaenda mtoni, lakini maji yalikuwa yamejaa, fungu limezama. Niliona nyayo za kiboko matopeni, mbichi, nikarudi haraka.

Siku ya nne, Jumapili

Niliamka kabla ya alfajiri ili nipate maji yakipwa. Kutoka barabarani mtu hushuka kupitia vichaka na vilima vya mchanga, kisha mlango wote hufunguka: mto kando, mwekundu, bahari mbele, nayo nyekundu kwa masafa marefu kabla ya kuanza kuwa ya kijani, katikati fungu. Na juu ya fungu, ndege. Kutoka mbali ni kama mtu amemwaga chokaa.

Wote walikuwa wameelekea upande mmoja, upepo unakotoka. Shakwe wakubwa kandokando, wenye vichwa vya kahawia, wale wanaozaa katika visiwa vya Kiunga. Buabua wa saizi ya kati wenye midomo ya chungwa wamejaa katikati. Na mbele kabisa, karibu na maji, wale wadogo wangu, mia kadhaa, miguu mifupi hata waonekana wamekaa. Wakati huu wa mwaka mdomo wao ni mweusi na paji la uso jeupe, na kwa kweli siwezi kuapa kila mmoja ni wa Saunders, kwani ana ndugu anayefanana naye mno ambaye hata mabingwa humwachia alama ya kuuliza.

Nililala kifudifudi mchangani kwa saa nzima. Nitaeleza mmoja tu. Aliinuka, akaenda juu ya maji ya kina cha magoti, akasimama hewani. Mabawa yalikwenda upesi mno, kichwa hakikutikisika kabisa, kimetazama chini kama mimi ninapotafuta skrubu iliyoanguka. Akashuka kidogo, akasimama tena. Kisha akajiangusha. Hakuzama mzima, alitoboa maji, akatoka, na mdomoni pana kitu kinachong'aa kisichozidi kidole cha mtoto. Alikimeza akiruka. Mkupuo wa pili akakosa. Wa tatu akakosa. Wa nne sikumwona, kwani alijichanganya na wenzake.

Mbali kidogo shakwe mmoja alitikisa kichwa ghafla, kama mtu aliyeonja ndimu, na matone mawili yakaruka. Hilo nalo ni jambo. Ndege hawa hunywa maji ya bahari. Juu ya macho wana tezi zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu, zikaitoa kama maji makali yanayopita puani na kuchuruzika ncha ya mdomo. Mkazamjomba akisahau ndoo ya maji ya kisima wazi, panya atakuja kunywa usiku. Buabua hana haja ya kisima chochote cha mtu.

Alikuja mvuvi na kimia begani, mtu mzima, akanisalimu akaketi. Kwake yeye ndege wote hawa ni membe, mkubwa kwa mdogo, na nilipoanza kumtajia majina alinitazama kwa huruma.

"Hawa wa hapa mlangoni ni wa kupumzika," akasema. "Membe wa kazi yuko nje ya mwamba. Ukiona wamekusanyika wanashuka kwa pamoja, wajua jodari yuko chini anawapandisha dagaa. Nahodha hahitaji mashine."

"Na panya?"

"Panya gani?"

"Panya tu. Humuoni naye ana faida?"

Alifikiri. "Panya hukuonyesha nyumba yako imetoboka wapi."

Ni mwenzangu huyu, nikamgawia korosho.

Nilimaliza asubuhi nikifanya hesabu kwenye daftari lililokatwa pembe. Kuna namba moja iliyonishangaza kuliko ile ya uzito. Panya shamba hubeba mimba siku 23. Buabua mwenye kifua cha waridi, anayezaa kwenye visiwa vyetu, huatamia yai lake siku zizo hizo, 23 hivi. Saa moja, mshale mmoja. Ila siku ya 23 mmoja hutoa watoto kumi na zaidi, uchi, vipofu, wekundu kama kamba aliyechemshwa, ndani ya shimo lenye nyasi. Mwingine hutotoa kifaranga mmoja, au wawili, juu ya jiwe tupu, macho wazi, amevaa manyoya ya rangi ya mchanga, na ukipita karibu hulala kimya usimwone.

Baada ya hapo njia zinaachana kabisa. Yule jike wa jana huenda hakuwa na miezi sita. Panya shamba akifika miezi mitatu ameshakuwa mama, na wengi hawamalizi mwaka. Bundi, paka, nyoka, na mtego wa nazi. Buabua mdogo hungoja mwaka wa pili au wa tatu ndipo azae, mayai mawili, baba na mama wakipokezana kuatamia na kuwinda. Dume kabla ya ndoa humletea jike samaki mdomoni, na jike hutazama samaki huyo ana ukubwa gani. Mahari iko hata huko. Kifaranga akiishajua kuruka bado wazazi humlisha, maana kujiangusha majini na kukosa mara mbili kati ya tatu ni ufundi usiopatikana kwa siku moja. Lakini akivuka hapo, ana miaka. Ndege wa jamii hii waliovishwa pete wameonekana tena baada ya zaidi ya miaka 20.

Kwa hiyo mtego wangu wa juzi haujampunguzia panya kitu. Mjomba akinasa mia, nafasi ya mia itajazwa kabla mahindi hayajafika magotini. Ukimuua buabua mmoja wa miaka mitano huenda umeua misimu kumi na tano iliyokuwa bado haijaja.

Nilimsimulia mjomba haya usiku. Akasema, "Basi mimi shamba langu limevamiwa na masikini wenye watoto wengi." Sikucheka sana, kwa sababu mimi nilizaliwa wa tisa.

Siku ya tano, Jumatatu

Safari ndefu ya siku: Mambrui hadi Malindi, mizani (nimenunua, nzuri kuliko ile), kisha Watamu. Pale mbele ya mlango wa Mida kuna mwamba wa matumbawe unaoitwa Kisiwa cha Nyangumi kwa jinsi ulivyokaa mgongo. Kusi inapovuma, juu yake huzaa buabua, yule mwenye kifua cha waridi na mwenzake mwenye mgongo wa kahawia-kijivu. Nilijua sasa hawapo. Nilitaka kuona nyumba, si wenyeji.

Kijana mwenye boti alinizungusha taratibu bila kutia mguu. Mwamba umeliwa chini na mawimbi, ukabaki kama uyoga. Kingo zake zimechongoka hata paka hawezi kupanda. Juu pana vichaka vifupi, na mawe yamepakwa mavi meupe ambayo mvua ya vuli ilikuwa inayaosha kuelekea baharini.

"Wakati wa Kusi hapa hapasikiki mtu," kijana akasema. "Makelele usiku na mchana. Ukikaribia wanakushukia kichwani."

"Panya umewahi kumuona huku?"

"Panya atafuata nini kwenye jiwe?"

Nikamwambia atafuata nini. Buabua amechagua jiwe kwa sababu moja: hapafikiki kwa miguu. Babu zake walikimbilia mahali pasipo na mnyama mwenye meno, na kwa kuwa hapakuwa na adui hawakujifunza kujenga kiota chenye mlango, wala kuficha yai ndani ya shimo. Yai liko wazi. Ulinzi wote ni bahari. Bahari ikivukwa mara moja tu, kwa mtumbwi mmoja uliobeba panya jike mwenye mimba, umekwisha.

Na panya hodari wa kuvuka ni wale wanaokaa na watu. Sisi wa pwani hii twajisifu kwamba mwaka 1415 twiga wa Malindi alifika China. Kule Mambrui kaburi la mnara lilipachikwa mabakuli ya Kichina. Twiga alihitaji barua, zawadi na msafara. Panya mweusi alitoka Bara Hindi akafika bandari zote hizi bila kuitwa, ndani ya magunia, kamba na makuti ya jahazi. Panya mdogo wa nyumbani naye hivyo hivyo, na alikwenda mbali kuliko wote.

Kuna kisiwa kinaitwa Gough, kusini mwa Atlantiki, ambako mabaharia waliacha panya wa nyumbani, wale wadogo wa kabatini. Kwa baridi ile na kukosa nafaka, panya hao walikua wakubwa kuliko ndugu zao, kisha wakagundua vifaranga wa albatrosi. Kifaranga wa albatrosi anaweza kupita kilo 8. Panya hafiki hata gramu 50. Usiku huja, humng'ata mgongoni, na kifaranga hakai akijitetea, kwa kuwa katika damu yake hakuna habari ya kiumbe kinachokuja kwa miguu. Usiku wa pili huja kwenye kidonda kilekile. Baada ya siku kadhaa hufa. Mwaka 2021 serikali na mashirika yalimwaga sumu kwa helikopta kisiwa kizima. Desemba ya mwaka huohuo panya mmoja akaonekana tena.

Kijana alizima injini akakaa kimya, kisha akasema hilo halimhusu kwa sababu albatrosi hapa hayuko. Nikamwambia habari ya Chagos, hapa hapa Bahari ya Hindi. Watafiti walilinganisha visiwa vyenye panya na visivyo na panya, wakachapisha mwaka 2018. Pasipo na panya, ndege wa baharini walikuwa wengi mara 760. Ndege hao hula samaki mbali, wakarudi kunya kisiwani, mvua ikayaosha mavi yale hadi kwenye mwamba, yakawa mbolea. Na uzito wa samaki wa mwamba kandokando ya visiwa hivyo ulizidi kwa asilimia 48.

"Asilimia arobaini na nane?"

"Ndiyo."

Akageuka akayatazama yale mavi meupe kwa jicho jingine kabisa. Mtu wa boti ukimwambia ndege ni mzuri atakuitikia kwa adabu, mwambie samaki.

Nikirudi nilishukia Gede, nikapita magofuni kunyoosha miguu. Watoto wa shule walikuwa katika matembezi. Kitu kilikatiza njia kati ya kuta, cha ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu kama mrija, miguu myembamba, matako ya dhahabu yanayomeremeta. "Panya! Panya!" wakapiga kelele, na mwalimu naye akasema panya. Sikuweza kunyamaza. Huyo ni sange, mwalimu. Hana hata patasi zile za mbele. Ndugu zake wa damu ni tembo, pimbi na nguva. Na huyu wa matako ya dhahabu haishi popote duniani ila vipande vya misitu ya pwani hii yetu, Arabuko-Sokoke akiwa na makao makubwa. Huishi wawili wawili, dume na jike, na huzaa mtoto mmoja kwa mara. Mwalimu alishukuru. Wanafunzi walikuwa wameshahamia kwa kima.

Nikiwa kwenye matatu ya kurudi ndipo nilipoona kwamba sange, mwenye manyoya na mkia mrefu na anayechakura majani chini, kwa mambo ya uzazi amekaa upande wa buabua. Na kuku wa mkazamjomba, mwenye mabawa, yuko upande wa panya. Manyoya ya aina gani si hoja kubwa kama nilivyofikiri Jumamosi.

Siku ya sita, Jumanne

Niliaga mapema. Mkazamjomba ameipokea mizani mpya, akaipima kwa jiwe lake analolijua uzito, akaridhika; kisha akanipa chupa ya achari ya ndimu, kwa hiyo nimesamehewa. Mjomba amepanda mara ya tatu, safari hii bila kamba, huku na huku kama mlevi, ili mwizi akose mstari. Sijui kama itafaa. Ameazima pia paka wa jirani, ambaye tangu jana amelala juu ya magunia.

"Mwakani uje," akasema, "na uje na daftari la bati."

Darajani nilitazama upande wa bahari. Maji yalikuwa yanajaa, na weupe ule wa fungu ulikuwa unainuka vipande vipande, ukatanda, ukatua tena mbele kidogo.

Malindi, matatu ya Mombasa ilikuwa inangoja abiria wawili. Nikaweka mkoba magotini, na ndipo ulipoanza kunijia wasiwasi. Siku tano umekaa sakafuni chini ya lutsaga. Nikaufungua, nikatoa shati la kwanza nikalikung'uta nje ya dirisha. La pili. Darubini. Achari.

Mama aliyekaa kando yangu alivumilia, mwisho akauliza, "Umepoteza nini, baba?"

"Sijapoteza, mama. Natazama kama nimeongeza."

Kikoi kilikuwa cha mwisho, chini kabisa. Nilikikunjua taratibu. Pembe moja imekatwa mviringo, safi, na chicha yake imelala vizuri kwenye mshono wa mkoba pamoja na chembe tatu nyeusi. Mwenyewe hakuwamo.

Mama akavuta buibui lake, akahamia kiti cha dirishani.